Mama Mkwe Nyuma ya Trei za Mayai

Shangazi Truphena, nakusalimu kwa jina la Bwana na nakuomba unijibu kabla ya Jumapili ijayo saa nane mchana, kwa sababu saa nane na dakika moja mimi nitakuwa nimeaibika, na nusu ya kanisa letu nayo itakuwa imeaibika, na mpaka sasa anayejua hatari hiyo ni mimi peke yangu.

Mimi ni Mgusii, niliolewa hapa karibu na Rodi Kopany miaka minne iliyopita na mwanamume mzuri anayeitwa Frankline, anatengeneza simu sokoni, hanywi, hanipigi, shida yake ni moja tu, anapenda muziki kuliko chakula, na mwaka jana akaamua chumba chetu cha wageni kiwe studio, basi tukala mayai, Shangazi, tukala ya kuchemsha, ya kukaanga, ya kuchanganya na sukuma wiki, mpaka mtoto wetu akiona kuku anajificha, yote kwa ajili ya trei, na trei nyingine akazichukua kwa wauza chipsi, akazibandika kwa gundi ukutani kuanzia chini mpaka karibu na mabati, dirisha akaliziba kwa godoro la wageni, halafu mlangoni akaandika kwa rangi nyekundu HAPA SAUTI HAITOKI.

Na ukiingia mle utaamini, maana ukiongea sauti yako hairudi kabisa, ni kama unaongea ndani ya gunia la pamba, na kwaya yetu ilipokuja kurekodi wimbo wa Petro kumkana Bwana, jogoo wa mama mkwe akawika pale pale kwenye ubeti wake, Mzee Osoro kiongozi wa kwaya akavua vile vya masikioni huku machozi yanamlengalenga, akauliza, "Frankline, jogoo huyu umemtoa wapi? Ameingia mahali pake!" na Frankline, ambaye alikuwa ameshtuka kuliko sisi sote, akasema, "Ni ufundi, mzee." Baadaye akanilaumu eti sikufunga mlango vizuri.

Sasa dhambi yangu ni hii. Kila siku saa saba mchana Frankline akiwa sokoni mimi nilikuwa najifungia studio nampigia simu rafiki yangu Robi, tulisoma naye ushonaji, yeye ni Mkuria wa Ntimaru, Kigusii hajui na mimi Kikuria sijui, kwa hivyo tunaongea Kiswahili, na hicho ndicho kilichoniponza, kwa sababu mama mkwe wangu Rael hajui hata salamu ya Kigusii lakini Kiswahili ameuzia nacho samaki miaka thelathini. Nilimwambia Robi yote, Shangazi, na nilikuwa napaza sauti kwa sababu nilijua sauti haitoki, nikasema mama anafunua sufuria zangu kama ofisa wa forodha pale mpakani Isebania, nikasema omena yake, wale dagaa wa ziwani, ina mchanga wa kutosha kujenga choo, na siku moja nikalia, nikasema tangu mama yangu mzazi afariki hakuna mtu duniani anayeniita Mokeira, hapa bomani mimi ni Nyar Kisii tu, binti wa Kisii, kama mzigo ulioandikwa mahali ulikotoka.

Basi Jumatano iliyopita mama alikwenda kumwona mgonjwa, akaniachia njugu nimalizie kumenya, nikakaa kwenye kigoda chake nyuma ya nyumba, na Frankline alikuwa amejifungia ndani. Ghafla nikamsikia, wazi kabisa: "Karibuni tena wasikilizaji, leo tuko na Frankline mwenyewe. Frankline, siri ya mafanikio yako ni nini?" Halafu akajijibu kwa sauti nyingine nzito, "Kwanza ni unyenyekevu." Nikacheka mpaka njugu zikamwagika, halafu nikasimama wima, kwa sababu nilikumbuka kigoda nilichokuwa nimekalia ni cha nani, na kwamba mama hukaa hapo kila siku saa saba kufuata kivuli. Miezi miwili, Shangazi! Miezi miwili nimemtukana huyo mama masikioni mwake akimenya njugu!

Na nikianza kukumbuka naona kweli amenichukia. Jikoni kwangu hakanyagi tena, anasimama nje anakohoa mpaka nimkaribishe. Omena hanipikii tena, ananiletea mbichi kwenye bakuli, imeoshwa mpaka inang'aa, anasema, "Pika vile wewe unapenda." Na juzi ndiyo niliisha kabisa, aliniita Mokeira, jina langu lenyewe, kama karani wa mahakama, nikajua kesi imefika.

Ningenyamaza nibebe msalaba wangu, lakini Mzee Osoro ameona ule mlango, na kwa kuwa chumba cha nyuma cha kanisa ni mabati matupu, mume akikohoa kwaya nzima inajua, ameamua kuanzia Jumapili ijayo atakuwa anasuluhisha wanandoa kwenye studio yetu, na wa kwanza ni mwalimu mmoja na mkewe ambao mji mzima unatafuta habari zao, na Jumapili saa nane ndiyo saa ya chama cha akina mama kumenya njugu nyuma ya nyumba yetu, wanawake kumi na mmoja, Shangazi, na hakuna kiziwi. Nikimwambia Frankline ukuta wake unavuja ataniuliza nimejuaje, na nikianza kueleza nimejuaje ndoa yangu iko matatani. Nikinyamaza ndoa za watu zinaanikwa. Nifanye nini? Tafadhali nibadilishie jina.

Mwenye aibu, Rodi Kopany

SHANGAZI TRUPHENA ANAJIBU:

Jina nimelibadilisha, mwanangu, na ya wengine wote pia, isipokuwa jogoo, ambaye hajawahi kuwa na jina.

Nianze na ukuta, kwa sababu ukuta hauna hisia. Trei za mayai hazizuii sauti. Zinapunguza mwangwi kidogo, basi. Ndiyo maana mle ndani mnajisikia mko kaburini huku nje mnasikika mpaka barabarani. Sauti ni kama maji, itatokea penye tundu, nanyi mna tundu kila mahali: chini ya mlango, dirishani, na ile nafasi kati ya ukuta na mabati. Inayozuia sauti ni uzito. Frankline alizibe dirisha lile kwa matofali na kulipiga lipu, azibe juu ya ukuta kote, aweke dari nzito, na mlango wa mbao ngumu uliozungushiwa mpira wa tyubu kuukuu. Ukuta ule wa kwenye kivuli aujengee mwenzake kwa ndani, na nafasi katikati. Aache njia ya hewa yenye kona kona, asije akamzimisha mwimbaji wa sauti ya tatu. Blanketi na magodoro yaje mwisho, kwa ajili ya mwangwi. Na trei azitoe, zinashika moto upesi.

Utamwambiaje? Usimwambie. Mkalishe kwenye kigoda, ingia ndani, funga mlango, mpigie Robi umsifu mumeo. Atasikia sifa zake na ubovu wa ukuta kwa pamoja, na dawa chungu hushuka vizuri ikiwa na sukari. Fanya hivyo leo. Mzee Osoro aambiwe kesho kwamba fundi hajamaliza, na mwalimu na mkewe wakasuluhishwe wakitembea shambani. Yale mahojiano ya unyenyekevu usiyataje kamwe. Kila mwanamume ana redio yake ya ndani.

Sasa nikugeukie wewe. Ulikosea, na usinisingizie trei. Mtu akikukera mwambie mwenyewe kwa heshima, si umpelekee Ntimaru kwa simu kila siku ya Mungu. Lakini mbona umeniandikia barua na hujaisoma? Ulilalamika sufuria, mama akaacha kuingia bila hodi. Ulilalamika mchanga, akaosha omena kwa mikono yake ya uzee na kukuachia uipike utakavyo. Ulilia kwamba hakuna anayekuita kwa jina lako, naye akaenda akalijifunza jina la Kigusii na kuja kukuitia. Mokeira wee! Hiyo unaiita kesi? Mimi nimekaa na mama mkwe miaka ishirini na mbili, sijawahi kusikilizwa hivyo hata nikiwa mbele yake.

Amesikia yote. Amenyamaza ili usiaibike, na tena akatii. Kwa hiyo kesho saa saba usiingie studio. Chukua kigoda chako, kaa karibu naye, menya njugu, omba msamaha kwa mchanga wa choo, halafu umwambie ahsante kwa kukuita jina lako.

Frankline akimaliza kujenga, mwombe mama akae pale pale, wewe ingia uongee kwa nguvu zako zote. Siku atakayosema, "Mokeira, leo sijasikia kitu," studio iko tayari. Na siku hiyo, mwanangu, toka nje umwambie mama mwenyewe yote uliyoyasema mle ndani.