Namba Mpya Ikilia, Nishike ama Niwache?

Ijumaa, jioni. Mvua imenyesha hapa Kimulot tangu mchana, ile ya kupiga mabati mpaka mtu akikuongelesha unaona tu mdomo. Nimefurahi na nimekasirika, na zote mbili zimekaa kwa kiti moja.

Wacha niseme ukweli mapema. Niko na wivu.

Si wivu ya bwana. Bwana yangu mtu akimwangalia mimi nashukuru, angalau kuna mwingine ameona ile kofia yake kuukuu. Wivu yangu ni ya Mama Kibet wa Chepseon. Msichana wangu Chelangat ameolewa na kijana yake Kibet, kwa hivyo mimi na yeye tunaitana pamwai, vile wazazi wa watu wameoana wanaitana kwetu. Ni mama mzuri. Hiyo ndio shida. Angekuwa mbaya ningekuwa nimemaliza kumsema zamani, saa hii niko kwa mambo ingine.

Mambo yote ilianzia kwa simu.

Mimi nilikuwa mtu wa kushika kila namba. Simu ikilia naona ni kama mgeni amefika kwa mlango, utamwacha nje aje? Siku moja jamaa fulani akanipigia, sauti laini kama ya mtu wa ofisi, ati nimeshinda zawadi. Nikamwambia asante sana, halafu nikamuuliza ni wa wapi, ameoa, mama yake ako hai? Nikamwambia habari ya ng'ombe yangu ilikuwa imekataa nyasi. Nikamuuliza kama anajua dawa. Nikamwelezea vile ilianza kukohoa, nikamwelezea na ya jirani pia. Kijana wa watu akasema, "Mama, tafadhali nisikize," na mimi nikasema, "Ngoja kwanza nimalize." Akakata! Mwizi mwenyewe ndio alikata simu.

Mimi niliona ni kichekesho. Nikaenda kuhadithia watu wote kwa buying, pale tunapeleka majani chai kupimwa. Lakini mzee wangu hakucheka. Alisema, "Sasa umeanza kuongea na watu wa jela, hao wezi wa simu? Ukiambiwa ubonyeze kitu, si utabonyeza?" Na mama mmoja wa kanisa akaongeza chumvi, ati ukishika tu, ukisema tu "haloo", wameshakuingia. Nikaogopa. Nikaweka sheria. Namba haina jina, sishiki. Ikisumbua, nabloku. Msichana wangu mdogo, yule alinifungulia hii ukurasa akisema yale naambia watu kwa buying niandike huku, alinionyesha mahali pa kubloku. Mahali pa kufungua hakunionyesha, na mimi sikuuliza.

Jameni, hiyo sheria ilinitesa. Simu inalia, unaiangalia, inanyamaza. Kuna mtu huko ako na maneno na wewe hutajua ni maneno gani! Mtu kama mimi!

Lakini nilijikaza. Nilikuwa naringa hata. Nilikuwa naambia wanawake wengine, "Mimi siku hizi sishikangi ovyo."

Sasa Jumanne niko kwa shamba nachuna majani, kikapu kwa mgongo, simu iko ndani ya gamboti kwa sababu ya umande. Ikalia. Namba mpya. Nikaiwacha. Ikalia tena, ile ile. Nikasema huyu mwizi hana aibu, asubuhi hivi, hata hajakunywa chai. Ya tatu nikabloku. Baadaye ikaingia namba ingine mpya, nikakata. Ikarudi, nikabloku na hiyo. Nikachuna majani nikiimba. Niliona nimeshinda.

Jioni nikafungua simu niangalie status za watu, vile mimi hufanya nikingoja maji ya ugali ichemke. Ya kwanza kabisa, Mama Kibet. Amesimama kwa wodi na leso mpya, meno yote nje, na kwa mikono amebeba mtoto. Chini ameandika, "Mungu ni mwema, nimeitwa kogo."

Kogo ni nyanya.

Huyo mtoto ni wa Chelangat. Mtoto wa msichana wangu, mjukuu wangu wa kwanza, nimemjua kwa status! Pamoja na fundi wa cherehani, pamoja na yule wa kuuza vifaranga, pamoja na kila mtu ako na namba ya Mama Kibet. Tumeonyeshwa wote sawa.

Maji ya ugali ilikauka.

Nikapigia Chelangat, simu imezimwa. Nikakaa na hasira yangu mpaka kesho yake, Jumatano, Mama Kibet mwenyewe akanipigia na ile laini yake najua.

"Pamwai, chamgei. Umekasirika?"

"Nikasirike nini?"

"Sauti yako imekasirika."

"Ni homa."

Akaniambia yote polepole. Simu ya Chelangat ilikuwa imeanguka kwa ndoo ya maji, na mtoto akaamua kuja mapema, kabla ya ile wiki tuliambiwa. Kibet alikuwa amesafiri. Kitanda ya karibu kulikuwa na mama mmoja Mluo, anafanya kazi kwa estate ya majani, akamwambia Chelangat, "Chukua simu yangu, nyar mama, piga nyumbani." Nyar mama kwao ni dada. Namba msichana wangu anajua kwa kichwa ni mbili tu. Yangu na ya mama mkwe. Alianza na yangu.

Alianza na yangu. Hiyo maneno iliingia kwa kifua ikalala hapo.

"Hukushika," Mama Kibet akasema. "Ndio akanipigia mimi. Na mimi nikashika."

"Na wewe hungenipigia, pamwai? Hata kidogo?"

"Nilikupigia! Huko wodi laini yangu ya kawaida haishiki netiwaki, nikatumia ile ingine. Ukanikata. Nikarudia, ukanikata. Halafu ikawa haiingii kabisa. Nikasema labda umechoka na sisi."

Kai! Nikauliza mtoto ni mkubwa kiasi gani. Ni msichana, akasema, na analia kwa nguvu, amechukua kwako. Nikajua ananichokoza. Nikataka kucheka, nikakataa.

Halafu akaniambia wanatoka hospitali, na Ijumaa wamama watakusanyika kwake kwa kurenet. Kama wewe si wa huku kwetu: hiyo ni kuita jina. Mtoto anabebwa, wanawake wakubwa wanataja majina ya wale wametangulia, moja moja, na mtoto akipiga chafya kwa jina fulani, basi huyo ndio amerudi. Pasta wetu hapendi hiyo maneno, lakini hata mama pasta alifanyia wajukuu wake, alifunga tu mlango.

"Kuja, pamwai," Mama Kibet akasema.

Nikasema mguu inauma.

Mguu haikuwa inauma. Mguu ilikuwa imetembea mpaka buying na kurudi na kikapu imejaa. Nilikataa kwa sababu nilijiona nikifika pale kwake kama mgeni, nipewe kiti, nipewe chai, niambiwe "huyu ndio mama ya Chelangat", na yeye anazunguka na mtoto begani kama amemzaa. Chelangat akanipigia baadaye na simu ya mama mkwe, akaniomba, na hata yeye nikamwambia ni mguu. Akasema, "Haya, mama," akakata. Sikulala vizuri juu ya hiyo "haya".

Kwa sababu kuna kitu nilikuwa nataka, na sikuwa nimeambia mtu. Nilitaka jina la mama yangu liitwe. Mama yangu alikuwa anaitwa Tapsabei. Alikufa kabla Chelangat hajamaliza shule, na ndio alimlea huyo msichana nikiwa naenda asubuhi kuchuna majani ya watu. Kwa kawaida wanaanza kuita upande wa baba. Wakimaliza wote na mtoto amekataa, ndio upande wa mama unajaribiwa. Na upande wa mama ni nani ataujua kama mimi siko? Mama Kibet hajui jina la mama yangu. Chelangat mwenyewe alikuwa anamwita kogo tu.

Yaani nilikuwa nimemfungia mama yangu mlango kwa sababu ya leso ya Mama Kibet.

Leo hiyo Ijumaa ikafika. Mvua ikaanza, nikasema vizuri, sasa hata ningetaka singeenda. Nikakaa kwa jiko na mzee, nikitoa mawe kwa maharagwe. Mkono unatoa mawe, macho iko kwa simu.

Mzee akasema, "Maharagwe mzuri unatupa, mawe unaweka kwa sufuria."

"Niwache."

"Unaonea wivu mwanamke kwa sababu amefanya kazi yako."

"Nimesema niwache!"

Ndio simu ikalia.

Namba mpya. Si ya yule mama wa wodi, si ile laini ingine ya Mama Kibet, hizo nilibloku na mpaka sasa sijui kuzitoa. Ni ingine kabisa. Nikaangalia mzee. Nilitaka aseme shika, nishike, ama aseme wacha, niwache, halafu ikiharibika ikuwe makosa yake. Akajifanya anaangalia moto. Huyu mtu ndio alianzisha hii sheria na siku ya maana anaangalia moto!

Inalia. Nikafikiria, kama ni mwizi? Nikafikiria, kama ni wao na nisiposhika? Mwizi akinipata atachukua nini, sauti? Lakini nikiwacha hii, na ni Chelangat, hatapiga tena. Niliona hivyo kabisa. Ile "haya" yake ingekuwa ya mwisho.

Nikabonyeza.

"Mama?" Ni Chelangat. Nyuma yake wanawake wanaongea wote pamoja. "Mama, hii ni simu ya jirani, ya mama mkwe haina kredo. Mtoto amekataa. Wameita wote wa huku. Wameita mpaka shangazi wa babu. Hata hasogezi pua."

"Mnamshika vizuri? Mmemfunika? Chepseon kuna baridi, na hiyo nyumba ya mama mkwe wako dirisha lake la nyuma..."

Nikaskia sauti ya Mama Kibet. "Pamwai, uko kwa spika, tunaskia yote. Hiyo ya dirisha utaniambia siku ingine. Taja watu wako."

Wakacheka wote. Na mimi nikacheka, haki ya Mungu, nilicheka na machozi.

Nikataja kogo ya baba yangu. Kimya. Nikataja shangazi yangu mkubwa. Kimya, mtu akasema, "Anapiga miayo tu." Nikasema, "Tapsabei." Ilitoka kidogo sana, kwa mvua hiyo hata mzee hakuskia.

"Nani?" wakauliza.

"Tapsabei!" nikapiga kelele. "Mama yangu!"

Na Mama Kibet akainama, najua aliinama kwa sababu sauti yake ilikuja ya chini na ya karibu, kama ya mtu anaamsha mgonjwa. Akamwambia mtoto kwa sikio, "Tapsabei. Tapsabei, umekuja?"

Chafya!

Ndogo, kama ya paka. Lakini niliiskia, nikiwa hapa Kimulot, mvua ikinyesha. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka simu ikaanza kukwaruza, na mzee wangu akatoa kofia. Hiyo kofia haitokangi.

Chelangat alikuwa analia. Akasema, "Mama, asante kushika." Alisema hivyo tu. Heri angenigombeza.

Sasa mmefikiria wivu imeisha. Haijaisha! Nimekaa hapa najiuliza, ni nani alimwita? Jina lilitoka kwangu. Lakini mdomo ulikuwa kwa sikio ni wa Mama Kibet. Mtoto aliskia nani? Na kabla maharagwe haijaiva, nikafungua status. Tayari! Leso ingine mpya, mtoto begani, na maneno, "Karibu nyumbani, Tapsabei wetu." Wetu! Mama yangu hajawahi hata kukanyaga Chepseon!

Nikasoma tena. Halafu nikaona ameongeza chini, kwa maandishi madogo, "Shukrani kwa pamwai wangu wa Kimulot." Nikakasirika zaidi kwa sababu sasa siwezi kumsema vizuri.

Kuhusu hizi namba nimeamua. Nitashika zote. Mwizi akipiga, akae chini, akuwe tayari, kwa sababu sasa niko na mjukuu na habari ni nyingi. Kitu ya kubonyeza sitabonyeza, lakini masikio sitafunga tena. Na kesho nitatafuta mtu anitolee zile mbili kwa bloku, nipigie yule mama wa wodi nimwambie asante. Alimpatia msichana wangu simu yake bila kuuliza ni wa nani.

Mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha, iko tayari kwa kibuyu, nilikuwa nimeiweka kwa siri hata nikisema mguu inauma. Asubuhi nikiamka naenda Chepseon, mvua iwe au isiwe. Nitavaa ile nguo ya zambarau. Mtoto nitambeba mimi, na Mama Kibet ndio atapiga picha.