Herufi za Bati

Mdogo wangu mpendwa,

Huku hatujambo. Paa la jikoni limezibwa, na paka wako mzee bado anajiona ndiye mwenye nyumba.

Picha ya herufi ulizochora tumeipata. Nilicheka peke yangu. Ni zilezile za Baba, kona tupu, alizokuwa akizikata kwenye bati ili kupigia rangi maandishi ya milango ya kiwanda, kwa sababu mkasi wake haukujua duara. Unakumbuka mwalimu alivyotugombeza kwa kuandika O yenye kona? Sisi tulidhani dunia nzima inaandika hivyo. Leo unasema zimejaa kwenye mabango na chupa za juisi huko uliko.

Nilimpa Baba simu aone. Akapitisha kidole juu ya kioo, taratibu, akarudia.

"Mbona hapa hamna kitu?" akauliza. "Ni laini tu."

Ndipo nilipojua kwamba haoni tena, na ametuficha siku nyingi.

Usitume picha nyingine. Mkasi wake bado umetundikwa palepale karakanani. Njoo ukate jina lako kwenye bati, umpe alisome kwa vidole.

Ni mimi,
dada yako