Mafuta ya Kukaangia Empanada

Dosquebradas,
Jumapili, baada ya misa

Dada yangu mpenzi Nohemí,

Pokea salamu za kifua kizima, wewe na shemeji Gildardo. Miguu yako je, bado inavimba kwa kusimama kwenye majiko ya watu huko Valencia? Sisi tunapumua. Sukari yangu imetulia, kuku wanataga, na paa halivuji tena. Paa hilo ameliezeka binti yangu Yesenia, uwaambie wote wanaouliza. Kuhusu mwanao Wilmar na yale majeraha ya moto unayoniulizia kila ukipiga simu, nitafika huko. Barua hii nimempa Doña Amparo, anayesafiri kuja huko, akukabidhi mkononi, maana kwa simu ningekatika sauti kabla ya katikati.

Kazi ya binti yangu unaijua, sijawahi kukuficha. Ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, na anajionyesha mwili mbele ya kamera kwa wanaume wa nchi za mbali wanaolipa. Alianzia kwenye studio ya Don Ovidio, hiyo hiyo ambayo Wilmar alikuwa msimamizi wake. Wasichana vyumbani, Wilmar kwenye kibanda chake akiwajibu wateja kwa niaba yao, na msichana akileta kiburi anamkatia umeme wa chumba, kamera inakufa, siku imepotea. Don Ovidio alikula zaidi ya nusu ya jasho lao. Ukichelewa faini, ukiugua faini.

Sasa mwanangu, ambaye wewe mwenyewe ulisema kichwa amerithi kwa marehemu baba, akagundua kwamba wenzake wa nchi nyingine wanafanya peke yao, nyumbani, kwa simu tu. Hakuna studio wala bosi. Anayekutaka anakulipa wewe, mwezi kwa mwezi, kama anavyolipia maji. Akapaka chumba cha nyuma rangi ya pichi, akafungua ukurasa wake, akaanza. Wakamfuata wengi! Fabiola wa jirani akanirushia maneno dukani, eti jamani mpisheni mama wa mtembea uchi anunue unga. Nikamwambia shoga yangu, wa kwangu anatembea uchi na kabati limejaa nguo. Wa kwako amevaa, na bado anakuomba nauli. Duka zima lilicheka, hata yeye ilibidi acheke.

Wasichana wengine wakaja kuuliza amefanyaje. Akawafundisha bure, mezani kwangu, wakila empanada zangu, sambusa zetu za nyama. Mmoja mmoja wakaaga studio, hadi vikabaki vyumba viwili tu vyenye taa. Hapo Don Ovidio akageuka mnyama. Maricela, yule mwembamba aliyecheza na wewe kwenye harusi ya Gloria, walimvizia kituo cha basi wakamvunja vidole kwa nyundo, kimoja baada ya kingine, wakamwambia haya, sasa waandikie wateja wako. Kwetu walimtundika mbwa wetu Canelo langoni, amechinjwa, simu mbovu imechomekwa mdomoni. Yesenia akamzika, akanawa mikono, akaenda kujipaka poda. Nikamsihi apumzike kidogo. Akaniambia mama, kule sirudi hata wanifunge kamba, na kama ni kufa nitakufa nikiwa bosi wangu mwenyewe. Niambie dada, nani mwingine kazaa mtoto wa namna hii?

Walikuja adhuhuri, wakati ambao Ulaya ni jioni na wateja wamejaa. Mimi nilikuwa nakaanga empanada za kuuza. Umeme ukakatika. Sijafuta mikono, mlango umeshaanguka. Wanaume wawili, helmeti za pikipiki kichwani, vioo vimeshushwa. Mmoja alinipiga mdomoni kwa kitako cha bastola, nikatema meno na damu kwenye unga. Mwenzake, kisu mkononi, akaenda moja kwa moja chumba cha nyuma, akaupiga mlango teke hadi bawaba zikang'oka.

Na hapo ndipo walipokosea. Waliukata umeme kwenye mita wakidhani wameua kamera, kama studio. Lakini Yesenia anatumia simu, chaji yake mwenyewe, intaneti yake mwenyewe, na taa yake ni dirisha. Watu mia sita walikuwa wanatazama, dada. Kanisa letu halijajaa hivyo hata Krismasi. Wakamsikia yule wa bastola, aliyemfuata mwenzake ndani, akitamka jina zima la Don Ovidio, kwamba anataka wasichana wake warudi, na leo ametuma uchukuliwe uso wa Yesenia. Wakamwona mwenye kisu akimkamata Yesenia nywele, akambamiza ukutani, akamchanja shavu kutoka sikioni hadi pembe ya mdomo.

Nilisikia yowe lake nikabeba sufuria ya mafuta.

Nilimmwagia mwenye kisu shingoni, chini ya helmeti. Akaanguka akipiga kelele kama nguruwe anayechinjwa Desemba. Yule wa bastola akafyatua, risasi ikanipita sikioni ikatoboa kabati. Kisha akaiona simu inawaka na maneno ya wateja yanapanda kama siafu, akatoka mbio, akamwacha mwenzake sakafuni.

Mteja mmoja wa Norwei alikuwa amerekodi yote, akaisambaza video. Don Ovidio amekamatwa, studio imefungwa, wasichana wako huru. Yesenia ameshonwa. Amerudi kazini na kovu lake, hataki kulifunika, na wateja wameongezeka. Huyo ndiye mwanangu.

Sasa Wilmar. Alikuambia kwamba mtungi wa gesi ulilipuka. Hakuna mtungi, dada. Nani mwingine angeanza na kukata umeme? Alivua helmeti pale sakafuni, ngozi ya shingo ikaja nayo, akanitazama akasema mama mdogo, ni mimi, basi. Sauti hiyo imo kwenye video. Polisi wanayo, na siku moja itakufikia. Nimetaka uisikie kwangu kwanza.

Na hili ambalo video haikulionyesha, kwa kuwa yule wa bastola alipotoka mbio aliipiga kumbo simu, ikaanguka kifudifudi. Sufuria ilikuwa bado na nusu. Nilimtambua. Ni mtoto niliyemnyonyesha ulipokuwa na homa, pamoja na Yesenia, huyu titi hili na yule lile. Nikamtazama yeye, nikatazama shavu la mwanangu lililofunguka mpaka meno yanaonekana. Nusu ya kwanza nilimmwagia mwenye helmeti. Nusu ya pili nilimmwagia Wilmar.

Jicho la kushoto halitarudi. Kila asubuhi nampelekea supu hospitalini, namlisha kwa kijiko, na anakula. 

Msalimie sana shemeji. Doña Amparo anakuletea pia kahawa na mkufu ambao Yesenia amekununulia. Yesenia anakusalimu bila kucheka, maana kucheka bado kunavuta mshono. Ukija kunilaani, njoo, kitanda chako nimekitandika.

Ni mimi mdogo wako,
Rubiela