Koti la Shemeji

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na unisamehe maneno yakipishana, maana nimechoka mpaka uchovu wenyewe umenichoka. Mimi ni fundi cherehani na mume wangu ni fundi wa makoti, ndiye aliyenifundisha kukata, tuna chumba kimoja cha kazi chenye vyerehani viwili, changu cha mlangoni na chake cha ndani, na jina lililoandikwa juu ya mlango ni lake. Pombe aliianza kidogokidogo, ya kuondoa uchovu alisema, sasa asipoionja asubuhi mikono inatetemeka hata uzi haupiti tundu la sindano, akiionja inatulia kidogo, halafu anazidisha, na adhuhuri yuko chini ya meza ya kukatia amejifunika vitambaa vya wateja, nami navuta pazia, nahamia kwenye cherehani chake, namalizia koti la mtu kwa mshono wake, hata pale kwapani anapopenda kurudia mara mbili nami narudia mara mbili, mteja akija anasema fundi huyu hana mpinzani, naitikia, ndiyo, ametoka kidogo.

Tiba nimeitafuta mpaka soli zimelika. Nyumba ya kwanza niliyoelekezwa wagonjwa wanafungwa minyororo, nikageukia mlangoni. Ya pili ni safi, ina muuguzi, lakini wakaniambia, "Mama, mgonjwa aje akubali kwa kinywa chake." Nilipomwambia akanijibu, "Mimi mgonjwa? Kuna koti hata moja limechelewa?" Basi nikamwita shemeji, kaka yake, ambaye humsikiliza, nikamweleza yote huku nalia, naye akapapasa kola ya koti alilovaa, akasema, "Shemeji, hili nimelichukua juzi tu. Mlevi anashona hivi? Usimchafulie mwenzio jina."

Mshauri, koti lile nimelishona mimi tangu bega mpaka kifungo, na nilinyamaza, sijui ni aibu, sijui ni kiburi. Jana mume wangu alianguka akatikisika mwili mzima, nikadhani ndiyo basi. Naogopa. Nifanye nini?

Fundi wa mlangoni

*

Fundi wa mlangoni,

Pole, mwanangu. Barua yako imeniumiza mgongo kama niliyeshinda kwenye cherehani. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini ninyi mmegawana kazi: maradhi yake, kuficha kwako. Na umeficha kwa ufundi mpaka shemeji yako amevaa ushahidi mwilini na hauoni. Mume hawezi kukubali kuwa anaumwa wakati makoti yanatoka kwa wakati.

Kutikisika kule ni jambo la hospitali, na ni leo. Usimfichie chupa ukidhani unamsaidia. Mwili uliozoea pombe ukikatiwa ghafla bila daktari unaweza kufa. Nenda hospitali kubwa iliyo karibu, uliza wanaotibu ulevi, mara nyingi wako upande wa afya ya akili, na useme wazi anakunywa kiasi gani na alianguka vipi. Usiseme "amechoka kidogo", nakujua.

Ile nyumba safi usiitupe. Rudi uulize daktari anakuja lini, familia inaruhusiwa kumwona mgonjwa lini, na akitoka nani atamfuatilia. Uliza pia kama wana kikao cha wake na ndugu, maana na wewe unahitaji pa kuketi.

Kisha rudi kwenye cherehani chako. Koti la mteja lilale mezani bila mikono, na mteja akiuliza, sema fundi anaumwa. Utaona aibu, ndiyo. Aibu haijawahi kuzika mtu.

Lakini kabla ya yote mwite shemeji, sasa hivi. Mwambie avue koti. Fumua kwapa moja mbele yake ulishone upya, urudie mara mbili, naye akuangalie mpaka mwisho. Usilie, usieleze. Akishalivaa, ashike mkono mmoja wa ndugu yake, wewe ushike mwingine, mfunge mlango, muende.