Uvumbuzi wa Mkwe Wangu

Shoga, uko wapi? Shika simu! Nimetoka kupakwa mkojo wa beberu usoni, mbele za watu.

Unayakumbuka mafuta yangu ya magaga ya miguu? Mkwe wangu alinibembeleza wee nimpe siri yake. "Ibaki kwenye familia tu, mama." Macho yake yakanionyesha mwizi. Nikamwambia siri ni mkojo wa beberu uliolala.

Basi leo kanialika kiwandani kwao, wanakotengeneza vipodozi. Kasimama na koti jeupe: "Huu ni uvumbuzi wangu, nimeufanyia utafiti na nimeusajili kwa jina langu." Jina lake! Mimi sikutajwa hata kwa bahati mbaya.

Kisha akanigeukia: "Mama mkwe awe wa kwanza kupakwa."

Usoni, shoga! Usoni!

Ningekataa, ningeulizwa kwa nini, na siri ya kweli ingenitoka. Nikafumba macho na mdomo. Ukumbi mzima ulinuka zizi. Mabosi walishindwa kupiga makofi, mikono iko puani.

Nimeoga mpaka sabuni imekwisha, na paka bado ananikimbia. Ptuu!

Lakini siri yangu ninayo. Yeye kasajili mkojo wa beberu, na hakuna atakayemwibia.