Nukta Mbili Nyekundu

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha mikate,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa shemeji yangu,

Hujambo? Mkeo hajambo? Na huyo mtoto ninayemjua kwa picha tu, meno yameshaota? Sisi huku tunapumua. Mama mkwe goti linamsumbua, ila mdomo mzima. Mpaka leo ananifundisha kupika. Mimi sina ugonjwa, ni uchovu tu.

Najua ukiona mwandiko wangu badala ya simu utashtuka. Tukipiga simu kaka yako hukaa ubavuni mwangu, na haya siwezi kuyasema akiwa anasikiliza. Sikufichi, shemeji. Kaka yako anapofuka.

Ulisikia kwamba alitolewa kwenye yale mashindano makubwa ya gofu ya mwezi uliopita. Alikwambia ni kuchoka. Si kuchoka. Unajua mpira wake huutia nukta mbili nyekundu kwa kalamu kabla ya kucheza, moja yako, moja yake, tangu mlipokuwa wadogo mkicheza na mpira mmoja wa kuokota nyuma ya ua wa klabu. Siku ile mpira wake na wa mwenzake iliangukia karibu karibu kwenye majani. Akausogelea mmoja, akainama, akautazama weee, akaupiga. Ulikuwa wa mwenzake, una mstari wa buluu. Kosa lilijulikana wakiwa wameshaanza shimo lililofuata, na kwa sheria zao hapo hakuna tena kujitetea, unatolewa. Na alikuwa anaongoza. Alivua glavu, akampa mwenzake mkono, akatoka uwanjani peke yake.

Mchezaji wa kulipwa, shemeji, aliyeishi kwa gofu tangu ujana, mwenye vikombe ambavyo nimechoka kuvipangusa vumbi, anapiga mpira wa mtu. Hata wale wanaojifunza Jumamosi hawafanyi hivyo.

Kumbe Kobe, yule mbeba fimbo wake mnayemtania kwa mwendo wake, ndiye alikuwa macho yake muda wote. Alikuwa akimwambia upande, umbali, na mpira ulikoangukia. Siku ile Kobe alikuwa kitandani na homa, klabu ikatoa mbeba fimbo mgeni asiyejua chochote. Nilipombana Kobe, alilia. Alisema aliapishwa asimwambie mtu, hata mimi.

Hapo ndipo nilipoanza kuunganisha mambo. Chai inamiminwa nje ya kikombe, halafu nalaumiwa mimi kwamba nimekihamisha. Bega linagonga mlango wa kabati kila asubuhi. Mimi nilidhani uzee umemwahi, nikawa namcheka. Sasa kicheko kile kinaniuma.

Nilimkokota mpaka kwa daktari wa macho. Ni presha ya macho. La kushoto limekwisha, na kilichokwisha hakirudi. La kulia linaweza kubaki na uoni lilio nao kama atapasuliwa mwezi huu. Akichelewa, nalo litakwenda. Daktari alieleza taratibu, kwa heshima. Kaka yako akaitikia sawa, sawa, kisha tulipofika nje akaniambia anahitaji miwani tu.

Amekataa katakata. Anasema akishapasuliwa habari zitaenea, wadhamini watamkimbia, na atabaki kuwa yule jamaa aliyewahi kucheza gofu. Nimembembeleza, nimemnunia, mama yenu amelia mbele yake. Ameziba masikio. Wewe ndiye pekee ambaye neno lako humwingia. Ulipomwambia aache sigara aliacha siku hiyo hiyo, na mimi nilikuwa nimeimba mpaka koo likakauka. Omba ruhusa kazini uje. Usimpigie simu, atakupiga chenga. Njoo umshike mkono umpeleke.

Jana asubuhi nilifuatana naye na Kobe kwenye uwanja wa mazoezi. Ungemwona, shemeji, usingejua lolote. Kusimama ni kule kule, bega lile, kiuno kile. Fimbo ikashuka, mlio ukatoka safi. Akabaki ameinua fimbo, uso ameuelekeza mbali, kana kwamba anaufuata mpira. Mpira ulipinda kulia ukaingia bwawani.

"Umekwenda wapi?" akaniuliza.

Kobe alitazama viatu vyake. Mimi nikasema, "Katikati kabisa. Karibu na bendera."

Alicheka, kicheko chake cha zamani ambacho sikuwa nimekisikia tangu mwaka uanze. "Basi mwandikie mdogo wangu," akasema. "Mwambie kaka yake bado anapiga."

Haya, nimekuandikia.

Nisalimie sana mkeo, na umbusu mtoto kwa niaba yangu. Mama anakusalimu, anasema usije na zawadi, uje na miguu yako tu. Kobe naye anakusalimu, ingawa anaona haya. Mungu akulainishie moyo wa bosi wako, na akufikishe salama kabla mwezi haujaisha.

Kaka yako anakusalimu pia. Amemtayarishia mtoto wako mpira mpya, nimeutia kwenye kifurushi pamoja na barua hii. Asubuhi hii alikaa mezani na kalamu yake nyekundu, akautia nukta mbili kama kawaida, akanikabidhi kwa fahari. Utaona iko moja tu. Nyingine iko kwenye kitambaa cha meza, na sijaifua.

Ni mimi shemeji yako akupendaye,
Mke wa kaka yako.