Nzi wa Kijito Chetu

Bufunjo, 6 Juni 1998

Nimewapata! Nzi uliowaomba, kumi na wawili, na mmoja macho yake yameachana kama pembe za ng'ombe!

Sasa ndipo nikusalimu. Hujambo, Abwooli mwanangu? Sisi wazima, ila goti langu.

Walilala kwenye vimizizi vya ukingo wa kijito. Nimekuchagulia wazuri watupu. Wale wa macho mafupi nimewatupa, maana chuo kikuu hakipelekewi makapi. Kanisani nimeshatangaza kuwa mwanangu amegundua nzi asiyejulikana duniani. Jirani yetu Atwoki akacheka: "Nzi naye wa kujulikana?" Mpe jina upesi, nimnyamazishe.

Mama yako, Adyeri

Kampala, 27 Juni 1998

Mama mpenzi Adyeri,

Pole na goti. Mimi mzima.

Mama, umeniletea madume matupu! Wale wa macho mafupi ndio majike. Nimehesabu miiba ya mapaja, nimepima vijiti vya macho: madume hawa hawana tofauti na nzi aliyepewa jina kabla babu hajazaliwa. Bila majike siwezi kusema ni wapya. Profesa amenipa mpaka Oktoba, kisha nitafute kazi nyingine ya shahada. Tafadhali, usitangaze tena.

Mwanao, Abwooli

Bufunjo, 19 Septemba 1998

Abwooli wangu, hujambo?

Mvua ilizoa vimizizi vyote. Kila jioni nilikwenda kijitoni, Atwoki akinipigia kelele: "Adyeri, wakwe zako bado?" Jana ni yeye aliyewaona, akaja mbio bila kilemba. Majike saba hao.

Nisamehe, nilitupa mama zao. Wana doa jeusi kwenye ncha ya bawa. Labda si kitu.

Mama yako

Kampala, 24 Oktoba 1998

Mama, u mzima? Doa lile ndilo lenyewe! Majike wa nzi wa zamani hawana. Profesa amechungulia mara tatu, akasema, "Mwandikie mama yako." Ni wapya! Si desturi mgunduzi kuwapa jina lake mwenyewe, basi nimewapa lako: Adyeri. Usimwambie mtu kabla halijachapishwa.

Mwanao

Bufunjo, 31 Oktoba 1998

Nimewaambia wote.

Hujambo, mwanangu? Goti limepona ghafla. Lakini wewe umetoa empaako, jina la heshima linalotolewa mbele ya ukoo, peke yako, chumbani, kama yatima! Ukoo uko wapi? Wimbi limekwisha kusagwa, Atwoki analeta maharage ya firinda, na anadai nzi aitwe Atwoki kwa kuwa yeye ndiye aliyewaona. Tutabishana vizuri. Mlete jike mmoja kwenye kichupa, akae mkekani kama mtoto. Mlete na Profesa. Mtu mzima vile hana empaako, tutampa naye.

Tunawangoja wote Jumamosi, tarehe 14 Novemba, saa nne asubuhi.

Mama yako, Adyeri wa kwanza